Chai Hailiwi

Miaka thelathini nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu, na nilipostaafu ualimu, kalamu nyekundu nikabaki nayo kinywani. Siwezi kujizuia. Mtangazaji wa redio akikosea neno la Kiarabu, namjibu jikoni kana kwamba ananisikia. Mwenye duka akiandika bei ya tende vibaya ubaoni, namwambia leta chaki. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikifa nitawasahihisha hata malaika wa kaburini. Alikuwa akisema kwa mapenzi, lakini alikuwa akisema.

Tunakaa Ansab, hapa Maskati, mimi na mama yangu. Mama ana miaka themanini na kitu, na hicho kitu ni ngapi hajui mwenyewe, kwa sababu karatasi zake zilibaki Unguja. Kiarabu alichojifunza ukubwani, tulipohamia Maskati, kimeshamtoka. Kimebaki Kiswahili cha utotoni mwake, na humo ndimo anamoishi siku hizi. Asubuhi ataniuliza, "Dada yangu keshakula?" Nami namjibu, "Mama, dada yako amekufa, Mungu amrehemu, mwaka wa ishirini huu." Basi analia upya, kama vile khabari imefika leo. Kesho yake anauliza tena, na mimi bila ya haya namjibu vile vile. Nilikuwa nikijiambia kwamba ukweli ni ukweli.

Miaka miwili iliyopita alikuja binti wa Kiburma kumtunza. Namwita binti kwa mazowea tu, ni mwanamke mzima wa miaka thelathini na ushei. Alifika hajui Kiarabu, hajui Kiswahili, na Kiingereza chake kilikuwa maneno kumi. Mimi nilikuwa na shughuli zangu, kwa hivyo mwalimu wake akawa mama. Baada ya miezi sita nikamsikia jikoni akisema, "Nnakuja, Bibi, maji ya moto bado, masikini ya Mungu." Lo! Kiswahili cha Unguja kitupu, cha bibi vizee, kutoka kinywani mwa mtu aliyezaliwa milimani Burma. Mama akimuuliza, "Dada yangu keshakula?" yeye alikuwa akijibu, "Keshakula, Bibi. Kala wali, kalala." Na mama hucheka, akaendelea kuhadithia mambo ya huyo dada mpaka adhuhuri.

Mimi niliita hayo uwongo. Mara mbili tatu nilimkanya. Alinisikiliza kwa adabu, nikitoka chumbani akaendelea.

Wiki zake za mwanzo mwanzo, alipokuwa bado anaokota maneno, aliniambia siku moja, "Mama, kwetu tunakula chai." Nikamrukia. "Chai hailiwi! Chai inanywewa. Rudia." Akarudia: chai hailiwi, chai inanywewa. Akajaribu kunielewesha kwa vidole, akitafuna hewa. Nikadhani anakusudia chai ya asubuhi, nikamwambia hata ukila mikate mitatu na mayai juu yake, kwa Kiswahili umekunywa chai tu. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua haina maji. Lakini tangu siku hiyo kila akilitaja jambo hilo mbele yangu alilitaja haraka haraka, chini chini, kama mtoto anayejua kwamba atapigwa.

Hapo ndipo ilipoanza balaa. Nasema mapema ili ijulikane kosa ni la nani.

Alkhamisi moja, majira ya baridi, nilikuwa nasafisha friji. Nyuma kabisa, nyuma ya achari yangu ya ndimu, nikakuta kopo la plastiki limefungwa kwa mpira. Nikalifungua. Ndani mna majani yamelowana, rangi ya kijani inayokwenda kwenye weusi, yamepakwa mafuta, na harufu yake kali, chachu, imenipanda puani mpaka machozi. Binti alikuwa hamamu anamwosha mama. Nikapiga ukelele kutoka jikoni, "Hiki nini?"

Akajibu kwa sauti, maji yakimwagika, "Chai kula!"

Mimi nikasikia "chakula."

Chakula! Chakula kilichooza kitambo, nikajiambia, na kimekaa pamoja na maziwa ya mama yangu. Sikuuliza mara ya pili. Nikavaa kandambili, nikatoka nje, nikalitupa lile kopo na vilivyomo kwenye pipa la taka la baladia lililoko mwisho wa njia, kwa sababu hata pipa la nyumbani niliona litanuka. Kabla ya adhuhuri gari la taka likapita kama kawaida yake.

Alasiri binti akafungua friji. Akaifunga. Akaifungua tena, akasogeza achari, akainama. Kisha akaja sebuleni, nilipokuwa nimekaa na mama. "Mama, chai yangu iko wapi?"

"Chai gani?"

"Kwenye kopo. Majani."

"Yale majani yaliyovunda? Nimeyatupa. Sisi hatuweki uchafu pamoja na chakula."

Ulimi hauna mfupa, nao wangu ndiyo kabisa. Mama, ambaye nilidhani amesinzia, akafumbua jicho moja kwenye kiti chake. "Na papa wako mkavu," akasema, "ananukia udi?"

Kweli nilikuwa na papa mkavu, juu, kwenye barafu, amefungwa mifuko mitatu, na bado jirani alikuwa akijua siku ninayompika. Nikajifanya sikusikia.

Binti hakulia. Alisema pole pole, na Kiswahili chake siku hiyo hakikuwa na kosa hata moja la kunipa pa kushika. "Mama yangu kalifunga lile kopo kwa mikono yake. Kwetu njia zimefungwa, kuna vita. Limepita kwa watu tisa, mmoja anampa mwenzake, mpaka likafika hapa. Miezi minne. Mimi nnakula kidogo sana, Ijumaa tu, ili lisikwishe." Akatazama mikono yake. "Mwisho wa mwezi mkataba unakwisha. Nnakwenda kwetu. Sirudi."

Niseme kwamba niliomba radhi pale pale? Sikuomba. Nilisema kwamba angeandika jina juu ya kopo. Ndivyo nilivyosema, wallahi, na nikaenda kuswali alasiri.

Siku zilizofuata alifanya kazi yake yote, wala sikupata pa kumlaumu. Mama aliogeshwa, akalishwa, akageuzwa, akapakwa mafuta miguuni. Lakini mazungumzo yalikwisha. Mama alipouliza, "Dada yangu keshakula?" binti alinitazama mimi, kama anayesema: haya, mjibu wewe mwenye ukweli. Nikajibu ukweli. Mama akalia. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu mama hakuuliza. Siku ya nne hakusema neno tangu asubuhi mpaka usiku, alikaa anatazama pazia, na kijiko kilipofika mdomoni akaufumba.

Hapo khofu ikaniingia. Mimi mtoto wake wa kumzaa nipo, nyumba moja, nchi moja, lugha moja, na mama hana mtu wa kuzungumza naye isipokuwa yule mgeni. Binti akiondoka asirudi, nitabaki na mama aliyenyamaza, na aliyemnyamazisha ni mimi. Nikaona kwamba ile chai lazima ipatikane, hata kama sijui inaitwaje.

Mawaleh, si mbali na palipokuwa soko la mboga, iko saluni ninayokwenda tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Anayenikata kucha hapo ni mwanamke wa Kiburma. Nikamuuliza kama anajua chai inayoliwa. Akawacha mkasi. Akacheka mpaka mwenzake akageuka. Kisha, kwa Kiarabu chake cha saluni, akaniambia kwamba nchini kwao kazi yake ilikuwa kuongoza watalii. Aliwapeleka kwenye mahekalu, na kwenye milima ya chai, akiwaeleza hili na lile. Vita vilipowakimbiza watalii, ndiyo akaja kukata kucha za wanawake wa Maskati.

"Basi Ijumaa nakukodi," nikamwambia. "Niongoze."

"Nikuongoze wapi? Mji wako huu."

"Wangu, ndiyo. Na hiyo chai siijui iliko."

Mimi hapa Maskati nimekaa nusu karne. Nimeona barabara zikikatwa milimani, nimeona mitaa ikiota palipokuwa na mbuzi. Na leo mwenyeji anamkodi mgeni amtembeze kwake! Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na nimewasomesha wajukuu methali hiyo bila ya kuifikiria.

Ujira tukakubaliana bila ya ugomvi. Akaongeza sharti moja. "Usinisahihishe Kiarabu changu. Miaka minne niko hapa, miaka minne unanisahihisha. Ijumaa mimi ndiye mwalimu."

Nikakubali. Ningefanya nini?

Ijumaa baada ya swala nikamchukua. Alikuja na kofia, daftari, na mwavuli uliokunjwa, ingawa mvua hapa kwetu ni khabari ya gazetini. Aliingia garini, akafunga mkanda, akakohoa kidogo, akaanza kazi yake. Nilimwonea raha, mtu aliyerudishiwa kazi yake hata kwa siku moja. Lakini masikio yangu! Vitenzi vyake vyote vya Kiarabu vilikuwa vya kiume. Alisema nami kama anasema na mwanamme, tangu Mawaleh mpaka pwani ya Yiti, saa nzima nimekuwa bwana fulani. Niliuma ulimi mpaka nikahisi chumvi.

Alinambia kwao kuna msemo: katika matunda, bora ni embe, katika majani, bora ni chai, katika nyama, bora ni... Akanitazama hijabu. "Nyama wewe usiulize." Nikacheka nusura niikose njia ya mzunguko.

Alinieleza migahawa ya chai ya kwao, viti vifupi kama vya watoto, na mtu anavyosema anavyotaka chai yake, tamu au kali, nzito au nyepesi, ya maziwa ya kopo. Juu ya kila meza pana birika la chai ya kijani isiyo sukari wala maziwa, nayo haitozwi, unajimiminia mpaka utosheke. Mtu anakaa na kikombe kimoja asubuhi nzima na hakuna anayemfukuza. Ukimtaka mhudumu unabusu hewa, mwa, mwa. Akanionyesha, ndani ya gari yangu, dirisha liko wazi, tumesimama kwenye taa. Astaghfirullah! Nikapandisha kioo mbio mbio. Nikamwambia sisi hapa tunapiga honi mbele ya duka la karak, na chai inaletwa garini. Akasema, "Ndiyo maana hamzungumzi." Hilo nalo nikalimeza.

Kisha akafika kwenye chai ya kula. Jina lake, alisema, ni lapet. Majani machanga yanapikwa kwa mvuke, yanafikichwa, yanakamuliwa, yanashindiliwa, yanafukiwa shimoni miezi na miezi.

"Yakaoza," nikasema.

"Hapana. Yaka..." Akatafuta neno la Kiarabu, hakulipata. Nami nikatafuta kumsaidia, nisilipate. Kulikuwa na neno, nilijua lipo, nimelisikia utotoni kwa watu wazima, lakini halikuja. Mwalimu mzima nimekwama.

Akaendelea. Zamani, alisema, watu wakigombana wakapelekana kwa hakimu, kesi ikishahukumiwa huletwa chai hiyo. Wote wawili wakila, ugomvi umekwisha na haurudiwi. Mmoja akikataa kula, bado kesi ipo.

Nikauliza kama mkosaji anakula kwanza. Akafikiri. "Mkosaji ndiye anayeleta," akasema.

Yiti tuliegesha gari karibu na mashua zilizovutwa juu ya mchanga. Yeye akashuka, akauinua mwavuli wake uliokunjwa juu kabisa, kama ilivyo desturi ya viongozi wa watalii, akatangulia. Kundi lake lote lilikuwa mimi peke yangu, na pwani nzima ilikuwa wazi, nisingeweza kupotea hata kwa makusudi. Nikamfuata mwavuli.

Nyuma ya majabali, kivulini, walikuwa wamekaa wanawake wa Kiburma kama kumi hivi, wametandika mikeka, wana machupa ya chai na sahani ya rangi yenye vyumba vyumba. Wote wanafanya kazi majumbani mwetu, wanakutana hapo Ijumaa wanayopewa ruhusa. Niliwasalimu. Nikasema nataka kununua lapet.

Kiongozi wangu akawatafsiria, kisha akanigeukia. "Wanasema haiuzwi. Inapewa. Na wanauliza, kesi gani?"

Basi mimi, mwalimu mstaafu, nikasimama mbele ya mkeka kama mwanafunzi aliyechelewa, nikatoa kesi yangu. Nilieleza friji, kopo, hamamu. Nilipofika kwenye "chai kula" na "chakula" kiongozi alishindwa kutafsiri kwa kucheka, na alipoweza, mkeka mzima ukaangua kicheko. Nikadhani nimepona. Kisha mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, akauliza jambo kwa upole.

"Anauliza, ulionja kabla ya kutupa?"

"Sikuonja."

Mwenye mvi akauliza tena. Safari hii kiongozi alisita kabla ya kunitafsiria. "Anauliza, ndiye yule wa Ansab? Yule asiyekuja Ijumaa?"

Walimjua! Walikuwa wakizungumza naye kwenye simu, wakimwekea nafasi kwenye mkeka, na haji. Mkataba unasema Ijumaa ni yake, nami nimeutia saini. Lakini Ijumaa watoto wangu na wajukuu wanakuja kula, kazi ni nyingi, na hakuwahi kuniomba. Nilifungua mdomo niseme hivyo, kwamba hakuniomba. Nikaufunga. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu kila Ijumaa, wageni wakiondoka, akikaa kwenye ngazi ya nyuma ya jiko na kikopo chake, akila kitu kidogo kidogo kwa ncha za vidole. Niliona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio.

"Ndiye," nikasema. "Na Ijumaa ijayo atakuja. Nitamleta mwenyewe."

Wakajadiliana. Mwenye mvi akafungua kikapu chake, akanitolea kifurushi cha majani ya chai, kilichofungwa vizuri, na vifuko vya vitu vya kuchanganyia. Nilipounyoosha mkono kupokea, kiongozi akanipiga kidogo begani. "Si hivyo. Mkono wa kulia ndio unaopokea na kutoa, wa kushoto unashika kiwiko cha kulia. Ndiyo heshima." Nikajaribu. "Kiwiko, si bega." Nikajaribu tena. "Usikunje uso." Mara tatu alinisahihisha mbele ya watu, na nadhani hakuna ujira aliopata Maskati uliomfurahisha kama huo.

Asubuhi ya Jumamosi nikatoa sahani yangu ya vyumba, ile ya lozi na zabibu za siku ya Idi. Nikafuata mchoro alionichorea kiongozi katika daftari lake. Majani katikati, na kwenye vyumba vya pembeni thomu ya kukaanga, ufuta, njugu, kunde za kukaanga na kamba wakavu. Mama alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake, anatazama pazia lake. Binti anamkunjia shuka. Nikasimama mbele ya binti, mkono wa kulia umeshika sahani, wa kushoto umeshika kiwiko.

Aliitazama. Akautazama mkono wangu wa kushoto. "Umepata wapi?"

"Yiti. Kwa wenzako. Wanakungoja Ijumaa, na Ijumaa zote ni zako, dhambi ni yangu. Nisamehe. Sikuonja, sikuuliza, na nikakiita uchafu kitu cha mikono ya mama yako. Nisamehe, mwanangu."

Sikuwahi kumwita mwanangu kabla ya siku ile.

Nikala mimi kwanza. Uchungu, uchachu, mafuta, thomu, nikahisi uso unataka kujikunja nikakumbuka onyo, nikaunyoosha kwa nguvu. Kisha, nilipokwisha kumeza, ukabaki utamu kwa nyuma ya ulimi, kidogo tu. Nikaisogeza sahani kwake.

Hakunyoosha mkono. Alinitazama sawasawa machoni, akasema, "Chai hailiwi, Mama. Chai inanywewa."

Nilistahiki. Nikabaki nimesimama na sahani yangu, na kesi bado ipo.

Mkono uliokuja ulikuwa wa mama. Ulikuja kutoka upande, mkavu, una madoa, ukachota majani kwa vidole vitatu kama mtu anayechota tonge. Akayanusa. Akayatia kinywani, akayafyonza, kwa sababu meno hana. Siku tano mama hajatia kitu mdomoni kwa hiari yake.

"Nani kasema haya yamevunda?" akauliza. "Haya yamevundikwa. Kama ndizi. Mama yangu akizivundika shimoni, kwa majani makavu, tukifukua zinanukia mtaa mzima. Kuvunda kwengine na kuvundika kwengine." Akanigeukia. "Wewe mwalimu wa nini?"

Ndilo neno lililonikwama garini! Kuvundika. Lilikuwa kwa mama muda wote, na mimi nilikuwa nimelitafuta kwenye Kiarabu.

Akachota tena. Akatafuna kwa ufizi, akatazama dirishani, akarudi kwangu na macho meupe ya mtoto. "Dada yangu keshakula?"

Binti akaliwacha shuka. Alinitazama mimi, kama siku zile, akangoja. Nilihisi ile kalamu nyekundu imekuja mpaka kwenye meno. Amekufa, mama, Mungu amrehemu, mwaka wa ishirini huu. Ilikuwa pale pale.

"Keshakula, mama," nikasema. "Kala wali, kalala."

"Alhamdulillah," akasema mama, akacheka. "Huyo na wali! Basi siku moja, kwenye harusi ya jirani..." Na hadithi ikaanza, hadithi ambayo sikuwahi kuisikia kwa sababu kila siku niliikata kichwa kabla haijazaliwa. Nikakaa chini. Machozi yalikuwa yananitoka nami nacheka.

Pembeni yangu binti akanyoosha mkono. Alichota majani, akaongeza thomu, njugu mbili, ufuta kidogo, akafinyanga kwa vidole, akala. Halafu akafinyanga jingine, akanipa mimi, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia.

Ijumaa zilizobaki nilimpeleka Yiti mwenyewe, lakini tiketi ilikuwa tiketi. Mwisho wa mwezi alikwenda, kwa sababu ana mama yake naye, na mama yake ana kilima chake cha chai. Sikumuuliza kama atarudi, maana kuuliza kungekuwa kumshika nguo. Nikamkumbatia uwanja wa ndege, nikarudi nyumbani, nikafungua friji kutoa maziwa. Nyuma ya achari ya ndimu palikuwa na kopo la plastiki, limefungwa kwa mpira, majani yaliyobaki yamo ndani. Juu yake amebandika karatasi, ameandika kwa herufi kubwa: CHAI KULA. USITUPE.

Basi imekuwa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi mama anauliza mambo mawili. Dada yake keshakula? Keshakula. Chai ya binti ipo? Nafungua friji, natazama, nasema ipo. "Basi atarudi," anasema mama, na anaendelea na hadithi zake, nami nimejifunza kukaa chini nikazisikiliza.

Juzi binti akapiga simu ya video, sauti inakatika katika kwa mtandao wa milimani. Hakuuliza khabari za afya wala za baridi. "Mama, chai kula yangu ipo?"

"Ipo. Wallahi ipo." Nikaipeleka simu mpaka ndani ya friji aione, achari na kopo na karatasi yake.

Nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena. Nikalisema vile vile anavyolisema yeye, na sikujisahihisha. "Rudi, mwanangu. Rudi tule chai."

Nikasikia anacheka, na nyuma yake mwanamke mzee anauliza kitu kwa Kiburma.

"Basi tuma viza," akasema.